Video Kubwa Kukataa Kunakiliwa: Namna ya Kuchagua Mfumo wa Faili kwa Diski Yako

Diski ina nafasi tupu ya gigabaiti 500, video ina gigabaiti 6, na bado kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Wengi hapo huanza kufuta vitu ili kupata nafasi zaidi. Hawafiki popote, kwa sababu nafasi ipo. Kinachokataa ni mfumo wa faili uliowekwa kwenye diski hiyo, yaani utaratibu wa kuandika faili ipi imeanzia wapi, imeishia wapi na ina ukubwa gani.

Niseme msimamo wangu mapema. Ukitafuta majedwali ya vikomo vya mifumo ya faili utakuta tarakimu za kutisha, petabaiti na eksabaiti, na utajikuta ukilinganisha mambo ambayo hayatakugusa maisha yako yote. Kwa mtu wa video, kikomo kinachouma ni kimoja tu: gigabaiti 4 kwa faili moja, kwenye mfumo wa faili wa zamani uitwao FAT32. Ukishakivuka hicho, maswali yanayobaki ni mawili. Nani ataisoma diski hii? Na itakuwaje kebo ikichomoka kazi ikiendelea? Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata maswali hayo.

Hatua ya 1: Jua diski ina mfumo gani sasa

Kwenye Windows, bofya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, na jina la mfumo utaliona karibu na juu ya dirisha. Ukipenda kuona diski zote kwa pamoja, fungua PowerShell na uandike:

`Get-Volume`

Kwenye Mac, fungua Terminal (hapa diski imepewa jina VIDEO):

`diskutil info /Volumes/VIDEO`

Kwenye Linux:

`lsblk -f`

Angalizo kwa wanaotumia Linux: FAT32 huandikwa `vfat`. Usidhani ni kitu kingine, kikomo ni kilekile. Kwenye Mac itaonekana kama MS-DOS FAT32.

Ukikuta FAT32 umeshapata mchawi wako. Ukikuta mfumo mwingine, kama exFAT, NTFS, APFS au ext4, na bado faili inakataa, basi shida iko kwingine: labda nafasi imekwisha kweli, labda diski imefungwa isiandikwe, au ni NTFS iliyochomekwa kwenye Mac, jambo ambalo nitalirudia.

Hatua ya 2: Elewa kikomo cha gigabaiti 4 kilivyo

FAT32 ilikuja na toleo la pili la Windows 95, mwaka 1996. Kila faili ndani yake ina ingizo dogo la baiti 32 kwenye folda, na ndani ya ingizo hilo baiti 4 ndizo zinazotunza ukubwa wa faili. Baiti 4 ni biti 32, na namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa humo ni 4,294,967,295. Sehemu hiyo FAT32 iliirithi kutoka kwa FAT za enzi ya MS-DOS, wakati ambapo hakuna aliyewaza kwamba mtu angebeba saa nzima ya picha za 4K mfukoni. Faili yenye baiti moja zaidi ya hapo haina mahali pa kuandikia ukubwa wake, hata diski iwe tupu kabisa.

Kuna mtego mdogo wa vipimo. Mac huhesabu gigabaiti kwa maelfu, ilhali Windows huhesabu kwa 1,024 lakini bado huandika GB. Video ileile ya baiti 4,200,000,000 Mac itaiita GB 4.2, na Windows itaiita GB 3.91. Hiyo inaingia kwenye FAT32 bila taabu. Ukiwa mpakani, acha kuangalia gigabaiti, angalia idadi kamili ya baiti na uilinganishe na ile namba ya juu.

Usichanganye pia kikomo cha faili na kikomo cha diski. FAT32 inaweza kukaa kwenye diski ya hadi terabaiti 2, ikiwa sekta zake (vigawanyo vidogo kabisa vya diski) ni za baiti 512. Kwa miaka mingi dirisha la kufomati la Windows lilikataa kutengeneza FAT32 kubwa kuliko gigabaiti 32, na hapo ndipo watu walipoamini kwamba diski kubwa haiwezi kuwa na FAT32. Inaweza. Programu nyingine huitengeneza bila kusita, na diski ya nje ya terabaiti 1 inaweza kukujia ikiwa hivyo.

Hatua ya 3: Pigia hesabu video zako mwenyewe

Tafuta kasi ya biti ya video zako kwenye mipangilio ya kamera au kwenye maelezo ya faili. Huandikwa kwa megabiti kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti kwa sekunde, kisha gawanya 4,295, yaani kile kikomo kwa megabaiti, kwa jibu hilo. Utapata sekunde ambazo FAT32 inakuvumilia.

- Megabiti 25 kwa sekunde: dakika 22 na sekunde 54
- Megabiti 50: dakika 11 na sekunde 27
- Megabiti 100: dakika 5 na sekunde 43
- Megabiti 400: sekunde 85
- ProRes 422 HQ, muundo wa video wa kitaalamu wa Apple, ya 3840×2160, fremu 29.97 kwa sekunde, ambayo hula takriban megabiti 884: chini ya sekunde 39

Ndiyo maana kamera inayotumia kadi ya FAT32 hukata video vipande vipande yenyewe. Kipande kinapokaribia gigabaiti 4, kamera hukifunga na kufungua kingine bila kusimamisha kurekodi. Ukiona mahojiano ya nusu saa yamegawanyika faili sita, hakuna kilichoharibika, ni kamera imekwepa kikomo kwa akili.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo upande wa pili. ext4 ina kikomo cha terabaiti 16 (kwa hesabu ya 1,024) kwa faili moja, na NTFS ya mpangilio wa kawaida ni hivyohivyo. Kwa ile ProRes ya megabiti 884, ungelazimika kurekodi zaidi ya saa 44 mfululizo, bila kugusa kitufe, kwenye diski moja yenye zaidi ya terabaiti 17 za kuhesabu kwa maelfu, ndipo ugonge kikomo hicho. Kama kazi yako ni hiyo, una timu ya mafundi na huhitaji mwongozo huu. Sisi wengine tunaweza kuyasahau majedwali.

Hatua ya 4: Orodhesha vifaa vyote vitakavyoisoma diski

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na ndiyo inayoamua. Chukua karatasi uandike: kompyuta ya kuhariria, kompyuta ya mwenzako, kamera, runinga, simu, diski ya mtandao. Mfumo bora wa faili ni ule unaosomwa *na kuandikwa* na wote waliomo kwenye orodha, si ule wenye tarakimu kubwa.

Kifaa kilichounganishwa kwa mtandao usikiandike. Diski ikiwa ndani ya seva, na wewe unaifikia kupitia Wi-Fi au waya, kompyuta yako haijui wala haijali ndani kuna ext4 au ZFS. Seva ndiyo inayozungumza na diski. Mac inaweza kuandika video ya gigabaiti 80 kwenye seva yenye NTFS bila tatizo, ingawa ukiichomeka diski hiyohiyo moja kwa moja kwenye Mac itagoma.

Ukishapata orodha, chagua.

*Vifaa vimechanganyika, Windows na Mac na kamera: exFAT.* Microsoft waliutoa mwaka 2006, na ukubwa wa faili humo huandikwa kwa biti 64 badala ya 32, kwa hiyo kile kikomo kimeondoka kabisa. Windows inausoma tangu Vista yenye Service Pack 1, Mac tangu toleo la 10.6.5. Linux ilichelewa kwa sababu ya masuala ya hataza. Microsoft walipochapisha maelezo ya mfumo huo mwaka 2019 mambo yalifunguka, na kerneli (kiini cha Linux) 5.7 ya mwaka 2020 ikaja na kiendeshi kizuri kilichotoka Samsung. Kadi za SDXC, yaani zile za zaidi ya gigabaiti 32 hadi terabaiti 2, zinatakiwa na kiwango chao chenyewe kutumia exFAT. Kwa hiyo kamera yoyote inayokubali SDXC inaufahamu.

Udhaifu wake ni mkubwa na ni lazima uujue. exFAT haina daftari la mabadiliko. Mifumo kama NTFS, APFS na ext4, kabla ya kubadilisha mpangilio wa diski, huwa na namna ya kujilinda ili umeme ukikatika katikati ijue ilikuwa inafanya nini. exFAT huandika tu. Isitoshe, kwa kawaida hutunza jedwali moja la klasta, yaani vifungu ambavyo nafasi ya diski hugawiwa faili, wakati FAT32 hutunza mawili. Chomoa kebo wakati video inaandikwa na matokeo yake ni haya: picha zenyewe zipo kwenye diski, lakini ingizo la folda halikukamilishwa, basi unakuta faili yenye ukubwa wa baiti 0, au hukuti faili kabisa, na Windows inakuomba iikague diski. Siisemi vibaya exFAT. Naitumia kila mara kusafirishia kazi. Ila siiachi iwe makao pekee ya video ambayo haina nakala nyingine.

Tabia nyingine ya exFAT inawakumba wahariri. Diski ya zaidi ya gigabaiti 32 ikifomatiwa na Windows kwa mpangilio wa kawaida, kila klasta inakuwa kilobaiti 128. Faili, hata ikiwa na herufi moja, inachukua klasta nzima. Kwa video hilo halina maana yoyote. Lakini programu za kuhariri hupenda kutengeneza vipicha vidogo na faili za mawimbi ya sauti kwa maelfu. Vipicha 50,000 vya kilobaiti 10 kila kimoja ni kama megabaiti 500 za data, na kwenye exFAT hiyo vitakalia zaidi ya gigabaiti 6.5. Elekeza faili hizo za muda kwenye diski ya ndani ya kompyuta, uiache exFAT ibebe video tu.

*Wote ni Windows: NTFS.* Umekuwepo tangu Windows NT 3.1 ya mwaka 1993, una daftari la mabadiliko, na hustahimili kuchomolewa ovyo kuliko exFAT. Mac huusoma lakini haiuandikii bila programu ya ziada. Hapo ndipo mtu analalamika kwamba diski "imejifunga" anapotaka kuweka faili. Linux huuandikia vizuri, kerneli 5.15 ya mwaka 2021 ina kiendeshi chake cha ndani, na kabla ya hapo watu walitumia ntfs-3g.

*Wote ni Mac: APFS.* Ulianza kutumika kwenye Mac mwaka 2017 na ulibuniwa ukizifikiria SSD, diski zisizo na sehemu inayozunguka. Kwenye diski ya kuzunguka unaweza kuwa mzito, na hapo mfumo wa zamani wa Mac OS Extended bado unafaa. Windows haisomi yoyote kati ya hiyo miwili bila programu ya ziada.

*Mashine ya Linux inayokaa mahali pamoja: ext4 au XFS.* Zote ni imara. XFS ilizaliwa Silicon Graphics miaka ya 1990, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za michoro na filamu, na imeshughulikia faili kubwa tangu mwanzo. Iliingia Linux mwaka 2001. Kasoro yake, patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) ya XFS unaweza kuikuza lakini kuipunguza ni shida, kwa hiyo ipangie ukubwa ukiwa na uhakika. Kwa ext4 kuna jambo moja la kujua: ikitengenezwa kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Kwenye diski ya terabaiti 4 hizo ni gigabaiti 200 unazozililia bure. Nitaonyesha namna ya kuzirudisha.

*Hifadhi ya miaka mingi:* Btrfs na ZFS huweka alama ya ukaguzi kwa kila bloku ya data, kwa hiyo zinaweza kugundua video iliyooza kimyakimya. Zinahitaji mtu wa kuzisimamia.

*Runinga na vifaa vya zamani:* soma kijitabu chake. Vingine husoma FAT32 peke yake, vingine FAT32 na NTFS lakini si exFAT, na ukubwa wa sanduku lililokileta hauonyeshi lolote. Ukilazimika kubaki na FAT32, rukia hatua ya 7.

Hatua ya 5: Hamisha, kisha fomati

Kufomati kunafuta. Nakili kila kitu kwenda diski nyingine kwanza, fungua faili mbilitatu kule uone zinacheza, ndipo urudi.

Kuna njia moja tu ya kukwepa kufuta: kwenye Windows unaweza kugeuza FAT32 kuwa NTFS huku faili zikibaki palepale. Ikiwa diski ni E:

`convert E: /fs:ntfs`

Safari hiyo haina marejeo, na hakuna amri ya namna hiyo ya kwenda exFAT. Nakala ya akiba bado unaihitaji, maana umeme ukikatika katikati ya kugeuza utalia.

Kufomati exFAT kwenye Windows:

`format E: /fs:exfat /v:VIDEO /q`

Kwenye Mac, kwanza pata namba ya diski kwa `diskutil list`, kisha, tuseme ni disk4:

`diskutil eraseDisk ExFAT VIDEO GPT disk4`

Amri hiyo inafuta diski nzima pamoja na patisheni zake zote, basi soma ile namba tena kabla ya kubonyeza. Ukitumia dirisha la Disk Utility, amuru lionyeshe vifaa vyote, si patisheni peke yake, la sivyo hutapata nafasi ya kuchagua mpangilio wa patisheni.

Mpangilio huo wenyewe una kikomo chake. MBR wa zamani hauwezi kufikia zaidi ya terabaiti 2 kwenye diski ya sekta za kawaida. Diski kubwa kuliko hapo iwekee GPT, mpangilio mpya zaidi. Upande wa pili, baadhi ya runinga na kamera hazielewi GPT. Diski ndogo inayokwenda kwenye kifaa cha namna hiyo iwekee MBR.

Kwenye Linux, ukiwa na kifurushi cha exfatprogs, na patisheni ikiwa sdX1 (weka herufi yako badala ya X):

`sudo mkfs.exfat -L VIDEO /dev/sdX1`

Kwa ext4 bila kutenga ile asilimia 5:

`sudo mkfs.ext4 -m 0 -L VIDEO /dev/sdX1`

Na kama ext4 ipo tayari na imejaa video, usifomati. Zirudishe gigabaiti zako hivi:

`sudo tune2fs -m 0 /dev/sdX1`

Fanya hivyo kwa diski ya data peke yake. Diski yenye mfumo endeshi iachie akiba yake.

Kadi ya kamera usiifomati kwenye kompyuta. Iweke ndani ya kamera na utumie menyu ya kamera yenyewe. Kamera inajua folda zake na ukubwa wa klasta unaoifaa, na kwa kadi ya SDXC itachagua exFAT bila kuulizwa.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kuiamini

Usisubiri siku ya kazi. Tengeneza faili ya majaribio ya gigabaiti 5 uone kama inapita. Windows, ukiwa umefungua dirisha la amri kama msimamizi:

`fsutil file createnew E:\jaribio.bin 5368709120`

Mac:

`mkfile 5g /Volumes/VIDEO/jaribio.bin`

Linux:

`dd if=/dev/zero of=/media/VIDEO/jaribio.bin bs=1M count=5120 status=progress`

Rekebisha njia ya folda kulingana na mahali diski yako ilipojiweka. Ile ya Linux inafurahisha kuitazama kwenye FAT32: inakimbia vizuri hadi gigabaiti 4, kisha inasimama ghafla na kusema `File too large`, nawe ukitazama ukubwa wa faili iliyobaki unaikuta ile namba, 4294967295. Futa faili ya majaribio ukimaliza.

Jaribio hilo linathibitisha mfumo wa faili, halithibitishi diski. Flashi ya bandia inayodai gigabaiti 512 huku ndani ina 32 inaweza kulipita. Kwa hiyo nakili video halisi, nyingi kadiri diski inavyodai kubeba, kisha linganisha alama za ukaguzi za faili ya asili na ya nakala. Windows:

`certutil -hashfile E:\video.mp4 SHA256`

Mac ni `shasum -a 256 video.mp4`, na Linux ni `sha256sum video.mp4`. Herufi na tarakimu zikifanana zote, nakala ni salama. Lakini kabla ya kukagua, itoe diski kwenye mfumo, ichomoe, uichomeke upya. Vinginevyo kompyuta inaweza kukusomea kutoka kwenye kumbukumbu yake badala ya diski.

Mwisho peleka diski kwenye kila kifaa cha ile orodha ya hatua ya 4, fungua video ya zaidi ya gigabaiti 4, na uruke hadi dakika ya mwisho. Vipo vifaa vinavyofungua faili kubwa vizuri tu, kisha vikakwama kwenye mwisho wake.

Hatua ya 7: Ukilazimika kubaki na FAT32, au ukipokea vipande

Njia nyepesi ni kupunguza kasi ya biti: video ya kutazamwa kwenye runinga haihitaji megabiti 100. Kama hutaki kugusa ubora, igawe. Programu ya mkvmerge hukata bila kusimba upya (yaani bila kuitengeneza video upya), na kila kipande kinacheza peke yake:

`mkvmerge -o sehemu.mkv --split size:3900M video.mp4`

Kama unasafirisha tu, na mpokeaji ana kompyuta, kata kikatili kwa `split` ya Linux au Mac:

`split -b 4000m video.mp4 video.mp4.`

Vipande hivyo havichezi hadi viunganishwe, kwa `cat video.mp4.* > video.mp4` au kwa `copy /b` upande wa Windows. Na vikaunganishwe kwenye diski isiyo FAT32, ama mtarudi mlikotoka.

Ukipokea vipande vilivyokatwa na kamera, usiviunganishe kwa `cat`; kila kimoja ni faili kamili yenye kichwa chake. Andika orodha.txt:

`file 'sehemu1.mp4'`
`file 'sehemu2.mp4'`

kisha, kwa programu ya ffmpeg:

`ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy kamili.mp4`

Hakuna kusimba upya, kwa hiyo ubora haupungui na kazi inakwenda kwa kasi ya diski. Baadhi ya kamera huweka data za ziada, kama mahali na mwendo, ambazo amri hii huziacha nje. Tunza vipande vya asili kama unazihitaji.

Hatua ya 8: Kagua aina ya faili yenyewe

Mtu anaweza kuhamia NTFS au XFS na bado akagonga mwamba palepale kwenye gigabaiti 4, na akalaumu diski. Hapo mkosaji ni muundo wa faili. MKV haina tatizo, na MP4 na MOV hutumia namba za biti 64 pale zinapohitajika. AVI ya asili ilibanwa na namba za biti 32, hadi nyongeza ya OpenDML ya mwaka 1996 ilipoifungua. Programu kongwe isiyoijua nyongeza hiyo bado itakukwamisha.

Anayesahaulika zaidi ni sauti. WAV huandika ukubwa wake kwa biti 32, vilevile kama FAT32. Sauti ya stereo ya kHz 48 na biti 24 itakaa zaidi ya saa 4 kabla ya kufika huko, kwa hiyo hutaiona shida. Rekodi chaneli 8 kwenye kinasa sauti kimoja, na kikomo kinafika dakika ya 62, katikati ya mjadala, hata kama diski ni XFS ya terabaiti 20. Vinasa sauti vya kitaalamu hukata faili au hubadili kwenda RF64, muundo uliowekwa na umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, wenye nafasi ya biti 64. Angalia menyu ya chako ujue kinafanya lipi. Na ukitoa sauti kwenye video ndefu kwa ffmpeg, ongeza chaguo hili, litabadilisha kwenda RF64 pale tu WAV ya kawaida inapozidiwa:

`ffmpeg -i video.mov -vn -c:a pcm_s24le -rf64 auto sauti.wav`